Siku Nilipoingia Bure Mkutano wa Watuma Salamu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa ulimi na akaahidi kutuuliza kila tulilolitamka. Amenipa umri mrefu, na sina ninachomlalamikia. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Nitaeleza jambo nililolifanya mwenyewe, maana bado linanisumbua.

Mimi ni mtuma salamu. Tupo wengi tunaopenda kusalimiana redioni, zamani kwa kadi za kununua dukani, siku hizi kwa simu. Hatulipwi, raha yetu ni kusikia majina ya watu wetu yakitajwa hewani. Kila mwaka tunakutana mahali pamoja tuonane sura. Safari hii ilikuwa Korogwe, kwenye ukumbi mmoja wa Manundu. Aliyetaka kuhudhuria alijiandikisha mapema, akatoa ada, akapewa kitambulisho cha kuvaa shingoni chenye namba. Namba hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake ya kushika kipaza sauti, kwa sababu redio ingerusha matangazo kutoka ukumbini kwa saa moja tu.

Sikujiandikisha, na si kwamba nilikosa cha kutoa. Huku kwetu Handeni mtu mzima haulizwi kitu mlangoni pa shughuli. Akisikia watu wamekusanyika anakwenda, anakaribishwa, anaomba dua, anakula, anarudi kwake. Nikauchukulia mkutano ule kama maulidi. Asubuhi nikaondoka mtaani kwetu Chanika, hapa hapa Handeni, na jirani yangu, mtuma salamu mwenzangu, ambaye naye hakuwa na kitambulisho.

Mlangoni alikaa mama mmoja na daftari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kitambulisho."

Jirani akadakia, "Huyu ni wa dua, mama. Mimi nimemsindikiza."

Yule mama akaitazama kanzu yangu, akaona haya, akatupisha. Nyuma yetu wakapenya wengine wanne watano wakisema, "Tuko na mzee, tuko na mzee."

Tulipoketi jirani akaninong'oneza, "Umeona? Kanzu yako ndiyo risiti yetu!" Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli.

Pembeni yangu alikaa mama wa makamo, mkulima kutoka Kerenge, ameshika karatasi iliyokunjwa. Namba yake ilikuwa miongoni mwa za mwisho. Nilimuuliza anamsalimia nani.

"Mwanangu, mzee. Yuko machimboni. Simu yake haipatikani tangu tuvune mahindi. Lakini aliniambia kule hawakosi kipindi hiki. Baba yake anaumwa sana. Nataka asikie sauti yangu, arudi wakutane."

"Inshallah atasikia," nikamwambia.

Mtangazaji alipofika akaniona, akaniomba nifungue kwa dua. Nikafungua. Hapo nilipaswa kukaa. Lakini akasema, "Na salamu zako je, mzee wetu?" Nami nikapokea kile kipaza sauti.

Anayetujua watuma salamu anajua tatizo letu. Ukimtaja mmoja ukamwacha mwingine, umenunua ugomvi. Nikaanza na wazee wa msikitini, nikaja kwa kina mama wa sokoni, wakwe zangu wa pande zote mbili, majirani nyumba kwa nyumba. Mtangazaji akanionyesha saa yake. Nikaitikia kwa kichwa, nikaendelea. Nilipomaliza nikampa jirani, naye akaanza na ukoo wake. Wale walioingia kwa mgongo wangu nao wakajipanga, na nani angewazuia ikiwa mzee wao ametangulia?

Yule mama wa Kerenge alisimama mapema, akasogea hatua moja moja. Walibaki watu watatu mbele yake mtangazaji aliposema muda umekwisha na kuaga wasikilizaji. Watu wakapiga makofi. Yeye alibaki amesimama, karatasi mkononi.

Nikamwendea. "Mwanangu, nisamehe. Nimekula zamu yako."

"Yameshapita, mzee," akasema. Hakunitazama. "Ila mwanangu hajasikia."

Nikaenda kwa mama wa daftari nikamwomba aniandikishe, nitoe ada. Akaniangalia kwa huruma. "Sasa ya nini, mzee? Saa yenyewe imekwisha." Hata hivyo nilitoa, na haikunipunguzia kitu. Mtangazaji naye aliichukua ile karatasi, akaahidi kuisoma siku nyingine. Pengine ameisoma. Mimi sijaisikia, na sauti yake si ya mama.

Nimesomeshwa dini tangu utotoni. Najua haki ya jirani, najua adabu ya kuingia nyumba ya watu kwa idhini. Siku ile sikuona kwamba heshima niliyopewa mlangoni ilikatwa kwenye fungu la mtu mwingine. Naona sasa.

Tangu hapo nikipata nafasi redioni natuma salamu moja tu, kwa kijana wa Kerenge aliye machimboni: baba yako anaumwa, mama anakuita. Kisha nakata simu. Chanika wananiambia nimewasahau, jirani amenuna. Mwezi uliopita nilimpigia yule mama wa Kerenge, namba yake nilipewa na mama wa daftari. Baba bado anapumua, kijana bado hajaonekana.

Nawe unayesoma, Mwenyezi Mungu akuhifadhi, awarudishe salama walio mbali nawe, na asikufanye kamwe kuwa ukuta kati ya mama na mwanawe. Amin.