Beberu Aliyeshikilia Jina la Mzee Kalama

Shamba langu na la Damaris yametenganishwa na ua wa minyaa tu, kwa hivyo nisiambiwe nazua. Nimemsikia kwa masikio yangu, asubuhi baada ya asubuhi, akimwamkia mbuzi.

Hapa Ganze maji si mchezo. Damaris huyafuata bwawani, mwendo wa kuchosha, akarudi na dumu kichwani ndipo anyweshe matuta yake ya mchicha na mnavu. Mahindi yalipokauka, bustani ile ndiyo iliyomlisha yeye na wasichana wake wawili. Adui wake alikuwa mmoja tu, beberu wa nyumbani kwake mwenyewe, na hakuruhusiwa kumgusa.

Kosa lilikuwa la mumewe, Dena. Baba yake, Mzee Kalama, alifariki siku ambayo mbuzi wao alizaa. Kwetu jina la babu humwendea mjukuu wa kiume, na Dena hakuwa na mtoto wa kiume. Akaona jina la baba yake lisilale nje. Akatangaza matangani, mbele ya watu wazima na akili zao, kwamba mwanambuzi yule atalishikilia hadi mjukuu apatikane. Nilidhani ni uchungu unaomsemesha. Lakini mamake, Mama Kanze, aliitikia kwa kichwa, na jambo likawa sheria.

Basi mbuzi akawa mkwe. Damaris hakuweza kumtaja jina, wala kumpiga, wala kula mbele yake. Mwanambuzi akakua, akaota ndevu na tabia mbovu, akawa anaruka ua kila apendapo. Damaris alikuwa akipiga goti kando ya tuta lililotafunwa na kumwambia, "Shikamoo, baba. Naomba uniachie hata haya ya mwisho." Beberu humtazama tu, huku akitafuna. Mama Kanze, kutoka barazani, alisema marehemu naye alikuwa hivyo hivyo, akiwa anakula hasikii la mtu.

Nilimshauri Damaris amfunge kamba. Akaniuliza kama mimi ningemfunga baba mkwe wangu. Nikamwambia wangu ningemfunga zamani.

Alipopata mimba, kijiji kizima kilimwombea mtoto wa kiume. Yeye aliomba kuliko wote, na sababu aliniambia bila haya: jina likihama, beberu atakuwa mbuzi. Alikuwa ameshachonga fimbo, akaiweka nyuma ya mlango.

Akazaa msichana.

Dena aliinamisha kichwa. Mama Kanze akaanza kutafuta jina la kike kwa mashangazi. Damaris hakuwangoja.

"Huyu ni Kalama," akasema. "Amekuja kuchukua jina lake."

Dena akasema Kalama si jina la kike. Damaris akamjibu kwamba hata la mbuzi halikuwa. Mama Kanze akanyoosha mikono apewe mtoto. Damaris akampa, akachukua fimbo, akatoka.

Kwa bahati nilikuwa uani. Beberu alikuwa ndani ya mnavu hadi shingoni. Aliinua kichwa, akaona leo goti halipigwi, akaelewa. Sijapata kuona mkwe akikimbia vile. Nilicheka hadi machozi, na nilifurahi kwa dhati, maana yule mwanamke alikuwa amestahimili mengi.

Sasa Kalama ana miaka mitatu, na beberu hasogei hata karibu na bustani. Jana mtoto aliingia humo peke yake, akaketi katikati ya tuta na kuanza kung'oa mchicha, mmoja mmoja, na mizizi yake. Damaris alitoka mbio na ile fimbo mkononi. Alipomfikia akasimama. Mama Kanze alikuwa anamtazama kutoka barazani.

Damaris akaiweka fimbo chini, akapiga goti.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba," mtoto akajibu, akang'oa mwingine.