Mguu wa Odeta

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikiona mtu anakandwa mguu. Nilikuwa muuguzi mpya katika kambi ya wakimbizi huku kwetu Kigoma. Nimetoka chuoni juzi tu, najiona najua kila kitu. Loo, ujana!

Odeta, binti kutoka Burundi, alikuwa na siku sita tangu ajifungue. Mguu wake wa kushoto ulivimba, ukawa wa moto, hawezi kuukanyagia. Mama mkwe wake alikuwa akimkanda kwa maji ya moto, kama wazazi wanavyokandwa kwetu sote. Nikamwambia, "Bibi, nipishe, wewe huna nguvu." Nikapiga magoti, nikalikamua lile shavu la mguu kwelikweli.

Mama Zainabu, muuguzi wetu mkuu, mzaliwa wa Ujiji, akaingia.

"We binti, toa mikono! Unataka kumuua?"

Akachomoa mfukoni utepe wa fundi cherehani, akapima miguu yote miwili mahali pamoja, chini ya goti. Wa kushoto ulizidi mno. "Damu imeganda ndani ya mshipa," akasema. "Ukikanda, kipande kinabanduka, kinapanda mapafuni."

Mashine ya kutazama mishipa hatukuwa nayo. Tulikuwa na ule utepe, na sindano chache za kuzuia damu isizidi kuganda. Akamchoma moja, akaagiza gari. Kabla gari halijafika, Odeta akashika kifua, pumzi zikawa za kuhesabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilitaka kuvunja la mwenzangu. Nililia bila kujificha. Mungu si Athumani, alifika hospitali ya mjini akiwa hai.

Wiki nyingi baadaye akarudi, mtoto mgongoni, na dagaa wa Kibirizi kwenye kitenge. "Urakoze, dada. Asante, ulinikanda vizuri."

Mama Zainabu alikuwa ananitazama tu. Nikamwambia, "Odeta, kukanda kule nusura kukuue. Nilikosea. Nisamehe."

 Odeta akamfungua mtoto mgongoni, akanipa nimpakate.

Basi, mwanangu, mguu mmoja ukivimba, hasa wa mzazi aliyejifungua karibuni au wa mtu aliyelala kitandani siku nyingi, usiukande. Pima yote miwili, uliza habari za kifua na pumzi, mfikishe hospitali upesi. Na ukikosea, sema, hata kama unashukuriwa. Mola aibariki mikono yako, iwe mizito kukanda, myepesi kupima, na isikose mtoto wa kupakata. Amina.