Tangazo Likianza, Vaa Viatu

Ukitaka kumjua Oleta Pruitt, usimtazame kipindi kinapoendelea. Mtazame kinapokatwa. Mwuliza maswali keshauliza, mshindani keshafumba macho kulitafuta jibu, Oleta keshasogea hadi ukingoni mwa kochi, mara paa! Anatokea mwanamke mwenye meno mengi kuliko haja, kakumbatia chupa ya sabuni ya vyombo kama mtoto mchanga.

“Mwizi!” Oleta humfokea. “Mwizi wewe na sabuni yako! Nimesugua masufuria ya shule mpaka vidole vikasinyaa, leo uje unifundishe povu?”

Doyle, mumewe, hucheka kwenye kiti chake cha kuegemea. “Hakusikii, bi mkubwa.”

“Atanisikia siku ya kiyama. Nitamtafuta.”

Alikuwa mpishi wa shule ya Dutch Corner tangu ujana hadi nywele zilipomgeuka, na huko jikoni sheria yake ilikuwa moja: mtu hakatizwi kijiko kikiwa njiani kuelekea mdomoni. Hata mwalimu mkuu alipokuja kumwita mtoto mtukutu, Oleta alisimama mlangoni na mwiko. “Atameza kwanza, mwalimu. Fimbo haipoi.” Kwa hiyo watu wa televisheni, kwake yeye, walikuwa watu waliokosa malezi. Humkatiza mtu kijiko kikiwa njiani kila siku, tena wakicheka.

Lakini hayo yalikuwa maudhi tu. Hofu ilikuja baadaye.

Kwetu Oklahoma mtu huchagua mtabiri wa hali ya hewa kama anavyochagua kanisa, na akishachagua hahami hata akihubiriwa. Nyumba ya akina Pruitt ilikuwa ya Garland Tate. Mzee mwenye uso wa huzuni, mwenye mazoea ya kuzitaja njia panda za mashambani moja moja, kwa majina ambayo hata ramani imeyasahau. Siku ya mawingu mabaya Garland huongea bila kupumzika. Lakini akivua saa ya mkononi na kuiweka mezani, basi kila nyumba inatafuta viatu. Sio kandambili, viatu vya kufunga kamba. Maana upepo ukikuacha hai, misumari inakungoja nje.

Handaki la akina Pruitt la kujifichia kimbunga lilikuwa ng'ambo ya ua, nyuma ya nyumba, mlango wake wa bati umelala chini kama mlevi aliyeshindwa kufika kwake. Kumfikisha Doyle huko pamoja na mtungi wake wa oksijeni kulichukua muda wa mayai kuchemka yakawa magumu. Miaka ya visima vya mafuta ilimwachia magoti mabovu na mapafu yanayolia kama bawaba kavu. Mwaka uliotangulia walishuka kila wingu lilipokohoa. Mawingu yakapita kwenda zake, unyevu wa shimo ukabaki na Doyle. Nimonia ikamlaza hospitali mpaka wauguzi wakaanza kumwita babu.

“Bibi, nikuambie ukweli,” daktari alimwambia Oleta kwenye korido. “Akilala tena kwenye unyevu ule, sidhani kama atatoka.”

Doyle naye akala kiapo chake kitandani, mirija puani. “Sishuki tena mpaka Garland ataje njia panda yetu kwa jina lake. Ataje Dutch Corner, nishuke. Asipotaja, niacheni na kiti changu.”

Oleta alikubali. Wakiwahi kushuka bure, unyevu utammaliza mumewe. Wakichelewa, upepo utammaliza. Katikati ya vifo hivyo viwili palikuwa na sauti ya mtu mmoja kwenye televisheni.

Sasa aingie Charla, binti yao wa pekee, anayeishi Tulsa na anayejua kila kitu. Alikuja wakati wa baridi na kikopo cheusi cha kuchomeka kwenye televisheni, kidogo kama kisanduku cha viberiti.

“Mama, kebo ni wizi mtupu. Hiki kinachukua kwa intaneti. Stesheni zote zimo, na Garland wako yumo. Bure!”

“Bure ya nani?”

“Bure ya bure, mama! Wanaweka matangazo kidogo tu.”

“Rahisi ni ghali, Charla.”

“Ghali ni wewe kulipia kebo utazame shindano la maswali!”

Kebo ikakatwa. Mume wa Charla, kijana mwema asiyetumwa mara mbili kuharibu kitu, akapanda juu ya paa kuziba panapovuja, na alipoikuta antena ya zamani akaing'oa na kuitupa kwenye banda la kuku. “Hii ni takataka, mama mkwe.” Kuku ndio waliofurahi, walipata pa kukaa.

Matangazo ya kikopo kile hayakuwa kidogo, wala hayakuwa na haya. Yale ya zamani, jamani, yalikuwa walau yanasubiri mtu amalize sentensi. Haya yaliingizwa na mashine mahali fulani, isiyojua mvua wala jua. Ikifika saa ya tangazo, tangazo linaingia, hata neno likiwa limefika nusu kooni. Tena siku za upepo Garland na stesheni yake huweka matangazo yote kando, lakini mashine ile haikuwa yao kuizuia. Oleta akaliona hilo mapema, akapiga simu Tulsa.

“Charla, na siku ya kimbunga je?”

“Mama, wewe nawe! Nani anaweza kuweka tangazo katikati ya kimbunga?”

Mwezi wa Mei ukafika. Alasiri moja hewa ilinata kama uji uliolala, na Oleta alikuwa jikoni akikata bamia za kukaanga, rimoti mfukoni mwa aproni. Sebuleni Garland alikuwa akitembeza kidole kwenye ramani nyekundu. Oleta alikata bamia bila kuangalia kisu. Masikio yote yalikuwa kwa Garland.

“Bi mkubwa,” Doyle aliita, na sauti yake haikuwa na utani. “Kavua saa.”

Oleta aliacha bamia. Alimpigia mumewe magoti, akamvalisha buti na kuzifunga kamba kwa mafundo mawili mawili. Akavaa zake. Akautoa mtungi mdogo wa safari, akaufungua kusikiliza kama unapumua. Unapumua.

“Tushuke, mzee.”

“Kataja Dutch Corner?”

“Bado, lakini…”

“Basi tungoje. Nakujua wewe, ukiona kunguru amepiga chafya unanitia shimoni.”

“Doyle, anga limekuwa la kijani.”

“Anga la kijani nimeliona kabla hujavunja ungo. Ngoja Garland.”

Wakangoja. Mvua ya mawe ikaanza kugonga paa, kwanza kama vidole, kisha kama ngumi. Garland alitaja kanisa la Pecan Grove. Akataja daraja la chuma. Kila jina lilikuwa karibu zaidi kuliko lile lililotangulia. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Doyle, kashika mgongo wa kiti kama mtu anayetaka kumsukuma mzee na kiti chenyewe.

Garland aligeuka akaitazama kamera. “Mlioko njia panda ya Dutch Corner, nisikilizeni vizuri. Sasa hivi nataka…”

“Je, mgongo wako unakusumbua?”

Mwanamume aliyejilaza juu ya godoro jeupe aliwatabasamia kwa upole.

Oleta hakuelewa mara moja. Alidhani Garland amepatwa na wazimu. Kisha akaona pembeni mwa kioo kimstari cha njano, kile kinachoonyesha tangazo limebaki kiasi gani. Kilikuwa kinatambaa kama kibarua anayelipwa kwa siku.

“Nataka nini?” Doyle alisema. “Anataka nini? Tushuke au tukae?”

“Sijui!”

Alibonyeza rimoti. Kioo kikamwambia tangazo hili haliwezi kurukwa. Akabonyeza tena kwa kidole gumba mpaka ukucha ukapinda. Yule wa godoro aligeukia ubavu wa pili, akashusha pumzi ya raha. Oleta alimpigia Charla. Simu ikalia kama nyuki na kukata. King'ora cha mjini hakifiki kwao hata siku ya utulivu, sembuse siku ile.

Sasa akafanya kosa ambalo kila mtu wa kwetu hulifanya, na watabiri wote wa hali ya hewa wameshachoka kutukataza: alitoka barazani kuangalia kwa macho yake. Mvua ya mawe ilikuwa imekoma, ghafla, kama iliyozimwa swichi. Upepo umekufa. Ng'ombe wa jirani walikuwa wanakimbia wote upande mmoja, bila kulia. Magharibi hapakuwa na mkia wa wingu, hapakuwa na kitu cha kuogopa, ila ukuta mweusi wa mvua kutoka ardhini hadi mbinguni. Kilichomo ndani ya ukuta ule hakionekani. Ila kinasikika. Mlio mnene, usiopanda wala kushuka, aliousikia kwenye meno kabla ya masikio.

Alirudi ndani mbio. Kioo kilikuwa kimeshahamia tangazo la pili, dawa ya magoti, bibi na babu wakicheza dansi.

“Inuka!”

“Kasema nini?”

“Hajasema kitu, wanacheza dansi! Inuka, Doyle, tunashuka!”

Doyle aliona uso wake, akainuka bila ubishi, na hilo lilimtisha Oleta kuliko mlio. Alimpa bega. Mtungi mkono wa kushoto, mume mkono wa kulia, wakajikokota kupita jikoni, buti zikigonga sakafu, pumzi za Doyle zikipiga filimbi. Oleta akashika kitasa cha mlango wa nyuma. Ng'ambo ya ua, mlango wa bati wa handaki ulikuwa unatikisika.

Akakizungusha kitasa.

Nyuma yao muziki wa dansi ukakatika katikati, na sauti ya Garland ikajaa nyumba nzima.

“…narudia mara ya mwisho, Dutch Corner. Msitoke nje. Msiende handakini, muda huo umekwisha. Ingieni bafuni, jifunikeni godoro. Msifungue mlango wowote.”

Kitasa kilikuwa bado mkononi. Mlango umeachama kiasi cha unene wa kidole, na hewa ilikuwa ikinyonywa kwenda nje kwa mluzi. Oleta aliusukuma kwa mwili wake wote ukajifunga.

Garland alikuwa ameyasema hayo tangu mwanzo. Aliyasema wakati wa godoro, akayarudia wakati wa dansi. Mara ya mwisho ndiyo waliyoisikia.

Umeme ukazimika. Hakumbuki alivyomwingiza Doyle kwenye hodhi la bafuni, ila anakumbuka alivyoliburuta godoro la chumba cha wageni, lililokwama mlangoni, akalipiga teke na kulitukana tusi ambalo kanisani hawamdhanii. Alimlaza mumewe, akajilaza juu yake, akalivuta godoro juu ya wote wawili. Giza. Harufu ya vumbi na ya sabuni. Moyo wa Doyle ulikuwa unapiga dhidi ya mbavu zake kama mtu anayebisha hodi.

Akatoa simu mfukoni mwa aproni, afungue stesheni ya Garland apate walau sauti yake. Simu ikawaka, ikafikiri, ikapata mtandao.

“Je, mgongo wako unakusumbua?”

Kisha Doyle, kwa pumzi iliyobaki, akasema, “Mwambie huyo godoro tunalo.”

Oleta alicheka. Alikuwa bado anacheka, machozi yakimtoka, pale nyumba ilipoinuka na kuanza kupiga kelele. Sitaeleza mlio ule. Aliyeusikia anaujua, na asiyeusikia asiombe. Masikio yaliziba. Kitu kilivunjika jikoni, kisha jiko lenyewe likaondoka. Godoro lilitaka kupaa, naye aling'ang'ania mshono wake kwa kucha, uso kwenye shingo ya mume wake, akimwomba Mungu kwa neno moja tu, “bado, bado, bado,” mpaka likawa halina maana.

Halafu mvua ya kawaida ikawanyeshea, mle mle ndani ya nyumba.

Doyle alikuwa hai. Alikohoa, akauliza kama bamia zimeokoka. Bafu lilikuwa na kuta tatu na dari nusu. Oleta alisimama juu ya vigae vilivyovunjika, misumari ikilalama chini ya buti zake, akatazama uani. Mlango wa bati wa handaki haukuwepo. Mti wa jirani, mzima na mizizi yake, ulikuwa umelala juu ya njia ile ile, kutoka mlango wa jikoni hadi shimoni, mahali ambapo yeye na mume wake wangekuwa. Banda la kuku limekwenda na kuku wake. Antena tu ndiyo iliyobaki, imejiviringisha kwenye waya wa uzio. Hata upepo haukuitaka.

Charla alilia kwenye simu hadi akaishiwa maneno, na kwa Charla hiyo ni habari ya gazetini. Nyumba ikajengwa upya, jiko likaangalia upande mwingine. Juu ya paa Oleta aliisimamia antena mpya mwenyewe, mkwe akishika ngazi na kunyamaza. Kikopo cheusi kilitupwa. Siku ya upepo sasa Garland huongea bila kukatizwa na mtu.

Lakini shindano la maswali lina matangazo yake kama zamani, na Oleta hagombani nayo tena. Mwaka mzima hajamfokea mtu wa sabuni. Mwuliza maswali anauliza, mshindani anafumba macho, kipindi kinakatwa, naye Oleta anashuka kwenye kochi kimya kimya na kuvuta viatu vyake vya kamba kutoka chini ya meza. Nje jua kali, mbingu safi kama sahani. Anafunga mafundo mawili mawili, kisha anakaa akisikiliza mpaka tangazo liishe.

Mwanzoni Doyle alimtania. “Bi mkubwa, hiyo ni sabuni tu.”

“Najua.”

“Sasa viatu vya nini?”

Oleta akakaza fundo la pili. Majuzi kipindi kilikatwa, mtu mmoja akajilaza juu ya godoro jeupe na kuuliza habari za migongo. Oleta akainama kutafuta viatu vyake chini ya meza. Alipoinua kichwa, Doyle alikuwa amezima tabasamu lake na kunyoosha miguu yote miwili mbele, soksi tupu, akingoja avalishwe.