Kitenge cha Mama Nilichokikata Mshazari

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na nne sasa nakaa barazani hapa Tabora mjini na cherehani yangu ya miguu, kwa hiyo nikiwaambia kwamba siku ya sendofu ya mdogo wangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikiwa na shimizi tu, tena kwa kosa la sindano yangu mwenyewe, mtaelewa kwa nini mpaka leo nikipita karibu na ukumbi ule natazama upande wa pili wa barabara. Chekeni tu, nimeshazoea.

Yote yalianzia kwenye mraba mmoja wa kitambaa nilioamua kuugeuza.

Mama yetu alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na Neema, kitinda mimba wetu, alikuwa anaolewa Urambo kwa wakulima wa tumbaku, watu wazuri sana, lakini ni ugenini. Nikawaza, huyu mtoto atalala huko bila mama wa kumpigia simu, basi walau ajifunike vitenge vyake. (Mimi mwenyewe nilimkumbuka mama mpaka kifua kinauma, lakini fundi akimkumbuka mtu hushona, hana njia nyingine.) Nikachukua vitenge tulivyogawana siku ya kuanua matanga, nikakata miraba ya blanketi la viraka, nikaipanga sakafuni.

Mama ndiye aliyenifundisha kushona, na yeye viraka vyake vyote alivipanga kwa mistari iliyonyooka, kama matofali ya ukuta, basi. Mimi nikataka kujionyesha. Nilikuwa nimeona kwenye simu blanketi ambalo miraba yake imesimama kwa ncha, nikageuza mmoja, nikauona umependeza, nikageuza yote.

Sasa miraba ikisimama kwa ncha, safu zake unazishona kwa mshazari: unaanza konani na mraba mmoja, safu ya pili mitatu, ya tatu mitano, na kila safu ikifika mwisho inakuachia pengo la pembetatu pembeni. Mapengo hayo lazima uyazibe, la sivyo blanketi linakuwa na meno kama msumeno. Nilipoyatazama mapengo yangu, kitambaa kilikuwa kimekwisha.

Nikaenda Kiloleni kwa baba. Hakuwepo, alikuwa shambani. Nikafungua sanduku la mama nikakuta kitenge cha bluu chenye maua ya njano, kile chenye alama ya kuungua pasi, kimekunjwa vizuri. Nikajiambia kilisahauliwa siku ya kugawana. Kilikuwa juu kabisa ya sanduku, vitu vilivyosahaulika havikai juu, lakini akili hiyo sikuwa nayo siku ile. Nikakibeba, nikasema nitamwambia baba kesho. Kesho ikapita, na keshokutwa, na wiki.

Nikakikata miraba, kisha kila mraba nikaugawa mara mbili kwa mshazari, na upande ule wa mshazari nikauweka nje, kwenye ukingo wa blanketi. Wanafunzi wangu nawafundisha kila siku kwamba kitambaa kilichokatwa mshazari kinanyumbuka, kiguse tu kinarefuka, na mimi mwalimu wao nikazungusha blanketi zima ukingo wa namna hiyo kwa sababu ya haraka. Nilipomaliza kuunga, kingo zilikuwa zinapanda na kushuka. Dawa yake ni kuzungushia utepe mgumu, na utepe huo siku ya sendofu ilinikuta bado naushona kwa mkono, nimekaa viti vya nyuma ukumbini, blanketi mapajani.

Imebaki kona moja, mshereheshaji akabadilisha ratiba na kuita familia ya bibi harusi kabla ya chakula. Nikashona mbio mbio bila kuangalia chini, nikakata uzi kwa meno, nikainuka na blanketi nimelikumbatia.

Kwetu zawadi ya kitambaa haikabidhiwi hivi hivi. Mashangazi wanaikunjua, wanashika kona nne, wanazunguka nayo wakicheza, ndipo wanamfunika bibi harusi. Shangazi yetu mkubwa, dada yake baba, alishika kona ya mbele yangu akavuta, haikuja. Akaniambia niachie. Nikamwambia sijashika kitu. Akavuta tena, na huyu ni mwanamke aliyelima mashamba ya Usinge maisha yake yote.

Jamani, nilikuwa nimeshonea kona ile kwenye kitenge nilichojifunga kiunoni.

Fundo likafunguka, kitenge changu kikaondoka kinaning'inia kwenye blanketi, muziki unapigwa, mashangazi wanazunguka, wanawake wanapiga vigelegele wakidhani ndiyo mtindo wa kisasa, na mimi nyuma na shimizi langu nakimbilia kitenge changu. Nilipokidaka nikavuta kwa nguvu zote. Kona ya blanketi ikachanika, utepe ukachomoka, nikabaki na kitenge mkononi na pembetatu ya bluu imeshikilia.

Ukumbi ulicheka, na baba alicheka kuliko wote. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu mama aondoke, nikasema moyoni, basi, hata aibu hii ina faida yake. Akaja ananivulia koti anifunike, bado anacheka, na hapo ndipo alipoiona ile pembetatu. Akaigeuza kwa kidole, akafika kwenye alama ya pasi, na kicheko kikaisha.

"Hiki nakilaza kitandani upande wa mama yako," akaniambia polepole, nisikie mimi peke yangu. "Nikienda kulala nakitandika, asubuhi nakirudisha sandukuni. Nimekitafuta wiki nzima."

Nikamwambia nisamehe baba, nilidhani kimesahauliwa.

"Hakijasahauliwa," akasema.

Neema alikuwa amesogea, akasikia, akataka kumrudishia blanketi zima. Baba akakataa, akalichukua kwa mashangazi, akamfunika Neema kwa mikono yake mwenyewe, kona imechanika vile vile, akamwambia anakwenda mbali, huko atalihitaji. Pembetatu akaibandua taratibu kwenye kitenge changu akaitia mfuko wa shati. Nililia pale pale ndani ya koti lake, na watu wakadhani ni aibu ya shimizi.

Blanketi liko Urambo, Neema hataki nimtengenezee ile kona. Mimi nimejiapia: kitambaa hata kiwe kipande cha kufutia mashine, sikigusi kwa mkasi kabla sijauliza ni cha nani, na wateja wangu wanaona naringa.

Baba naye nilimwomba anipe pembetatu nimkunjie pindo isifumuke. Hakutaka, alisema pindo litakula kitambaa. Kwa hiyo iko vile vile, upande wa mshazari uko wazi, na kitambaa kama hicho mkono ukikishika kila siku kinarefuka. Kila Jumapili nikienda kumsalimia naiona juu ya mto wa mama, na kila Jumapili imerefuka kidogo.