Miwani Yangu Haikuchoma Maharage

Juzi baba aliniagiza nimchukulie miwani yake ya kusomea hapa Gitega ninapokaa, maana siku hizi Biblia anaishika mbali mpaka mkono unamwishia. Nikiwa kituoni nasubiri gari la Muyinga, jua la mchana likiwaka, nikaitoa na kufanya jambo ambalo lilitakiwa kufanywa nikiwa mtoto. Niliiinua juu ya kipande cha gazeti, nikaisogeza taratibu mpaka mwanga ukawa kitone, nikakituliza kwenye herufi nyeusi. Baada ya muda moshi ukatoka. Kisha nikavua miwani yangu mwenyewe, ya kuonea mbali, nikafanya vilevile. Kitone hakikutokea. Nilipandisha, nikashusha, na chini pakawa na kivuli tu chenye mwanga hafifu pembeni. Abiria wenzangu walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nilikuwa na hasira, rafiki yangu, na ngoja nikueleze kwa nini.

Tulikuwa tumetoka Tanzania, tumerudi Gashoho, kwetu. Hayo ya kwetu yalikuwa maneno ya wakubwa. Mimi nilizaliwa kambini, ukimbizini. Shamba letu tulikuta linalimwa na jirani, mama mmoja aliyeuza maharage soko la Muyinga. Wakubwa waligawana, na uwanja wa kuanikia ukabaki mmoja kati ya nyumba mbili. Msimu wa maharage uwanja ule ulinukia vumbi tamu, na fimbo za kupuria zilisikika mlima mzima. Bibi, mama yake baba, hakuwahi kukimbia nchi. Nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa na miwani ya kuonea mbali niliyopewa kambini, na kwa kuwa nilikuwa nayo, nilimwona vizuri: pengo la mbele, kovu kwenye nyusi, na jinsi alivyocheka kwa macho kabla ya mdomo. Alinipikia ndizi na maharage, akanichagulia zilizoiva vizuri.

Wakati ule kiberiti hakikununuliwa ovyo. Moto ukizimika kwako, unaenda kwa jirani na kigae, unapewa makaa, unayafunika majivu na kurudi nayo ukiyapulizia yasife. Jirani yetu alikuja hivyo karibu kila asubuhi, akipita katikati ya uwanja.

Siku ya balaa alipita pia, na upepo ulikuwepo. Maharage yake yalikuwa yamelundikwa yakingoja fimbo, makavu kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya rundo, nikavua miwani, nikaiacha juu ya mkeka, nikaenda kumsaidia bibi kutua mtungi. Tulipogeuka rundo lilikuwa linawaka. Bibi alikimbilia mkeka, akaiokoa miwani yangu, na maharage yote ya mama yule yakaisha.

"Ni ile miwani!" jirani alipiga kelele. "Mi niliona na macho yangu, iko inavuta jua! Mwalimu mwenyewe aliwaonesha watoto!"

Kweli mwalimu alituonesha. Alivua miwani yake minene ya kusomea, akachoma jani kavu la mgomba, darasa zima likapiga makofi. Kwa hiyo bashingantahe, wazee wanaoamua mashauri ya watu wa mlima wetu, walimwita. Akasimama mbele yao na kusema miwani huchoma, hilo ni jambo la sayansi. Basi! Hakuomba kuishika yangu. Hakusema kwamba ya kwake ilimbidi aiinue na kuihangaikia mpaka akapata kitone, wakati yangu ililala tu kwenye mkeka. Jua lilikuwepo, miwani ilikuwepo, watu wazima walijaa uwanja mzima, na hakuna hata mmoja aliyejaribu!

Bibi peke yake alisema, "Makaa yalipita hapa asubuhi. Niliyaona." Wazee wakatabasamu, bibi anamtetea mjukuu. Baba akamgeukia: "Mama, acha. Tumerudi juzi, tusianze na ugomvi."

Ikaamuliwa tumpe jirani maharage yetu, na miwani isionekane tena juani. Wakaletewa urwarwa, pombe ya ndizi, wakanywa kwa mirija kwenye chungu kimoja, na amani ikapatikana. Watu walisifu sana busara ya baba. Mimi sikuisifu, na mpaka leo siisifu. Amani ile ilinunuliwa kwa macho yangu, na hakuna aliyeniuliza kama nauza.

Miwani ilifungiwa kwenye kopo, likaning'inizwa darini. Ubao wa shule ukawa ukungu, nikarudia darasa, na mwalimu yuleyule akaniita mvivu. Bibi aliugua, akafa. Kopo lilishushwa baadaye, nilipokwenda kusoma Gitega.

Basi nilipofika Gashoho juzi, nilimkuta baba uwanjani na jirani, wazee wawili wanaota jua. Sikusubiri hata maji ya kunywa. Nilichoma gazeti mbele yao kwa miwani ya baba, kisha nikawaonesha kivuli cha yangu. Nikawaambia, ya kusomea inakusanya jua, ya kuonea mbali inalitawanya. Baba aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka tukae, mwanangu." Jirani alikitazama kile kivuli, akabetua mdomo.

"Jua ya zamani ilikuwa kali," akasema. "Halafu we ulikuwa na kiburi. Nyogokuru yako, bibi yako yule, hata vile alikuwa mgonjwa, ukitoka shule alikuwa anakuja pale ng'ambo, kwenye migomba, anakupungia mkono. Kila siku. We uko unapita tu, humwangalii."

Hapakuwa na mtu aliyewahi kuniambia hilo. Siku hizi kila nyumba ina kiberiti, hakuna tena anayeazima makaa, na uwanja ule umeota majani. Niliifuta miwani yangu, nikaivaa, nikatazama ng'ambo. Naiona migomba jani kwa jani, hata kamba iliyofungwa kwenye mkungu. Bibi hayupo.