Jirani Aliyewataja Kumbikumbi

Nilipokuwa darasa la nne, kulikuwa na alasiri moja ambayo niliamini kabisa kwamba jirani yetu amemuua baba yangu kwa kutaja jina la mdudu.

Tuliishi karibu na Silibwet, kwenye kipande cha ardhi ambacho baba alinunua alipohama nyumba za wafanyakazi wa chai. Alikuwa fundi wa boila kiwandani, mnene, mcheshi, mpenzi wa mafuta ya kondoo. Mwaka huo kifua kilianza kumbana kila alipopanda mlima kutoka barabarani. Daktari akamwambia mishipa ya moyo wake inazibwa na mafuta, akampa vidonge na kumkataza nyama nono. Baba alikubali vidonge.

Kukhu, mama yake, alikuja kutoka Magharibi kumuuguza. Alisema kwao wazee walikula kumbikumbi kila msimu na hakuna aliyeanguka kwa sababu ya moyo.

"Mafuta ya kumbikumbi hailali kwa mshipa," alimweleza baba. "Inapita ikifagia."

"Mama, hiyo ni chakula ama ni ufagio?"

"Wewe kula kwanza, utajua."

Shida ni kwamba kichuguu kikubwa cha karibu kilikuwa ndani ya shamba la chai la Kogo, bibi Mkipsigis tuliyepakana naye. Kwa watu wetu kichuguu kina mwenyewe, na watoto hukirithi kama ng'ombe. Kwa hiyo Kukhu alivaa kitambaa chake cha kanisani, akaenda kuomba rasmi, kuku kwapani. Kogo alicheka hadi akashika ukuta.

"Unaniletea kuku juu ya mchwa? Si uchukue hata hiyo udongo!"

Alipoambiwa ni dawa ya baba, aliacha kucheka. "Huyo kijana asife," alisema. Kuku hakurudi nyumbani.

Kesho yake, mvua ya mchana ilipokatika, Kukhu alifunika kichuguu kwa fito na blanketi, akachimba shimo dogo pembeni na kutega sufuria. Mimi nilipewa vijiti viwili nipige ubao, ili walio chini wadhani mvua imerudi. Kisha akanishika sikio.

"Hapa hatuwataji jina. Tunasema wageni. Wakisikia jina lao, wanajua tumekuja kuwala, wanarudi chini. Na wakirudi, mimi sina dawa ingine ya baba yako."

Nilipiga ubao nikiwa nimeuma midomo. Kogo alikuja na kigoda chake kutazama, na hakuna aliyemwambia sheria. Tulidhani ni jambo ambalo kila mtu mzima duniani analijua.

Akatoka mmoja. Wakatoka kama kumi, mabawa yakimeta. Kogo akainuka kwenye kigoda.

"Woi! Kumbikumbi wako wengi hivi!"

Kukhu aliganda. Na kwa kweli waliacha kutoka. Nilitupa vijiti nikalia kwa sauti yote niliyokuwa nayo. "Kogo, umeua baba!"

"Mimi? Nimefanya nini?"

Kukhu alimweleza, polepole, kama hakimu. Kogo alinitazama nikilia, mikono yake ikaanza kutetemeka. "Sasa tutafanya aje?"

"Aliyewataja lazima awe wa kwanza kula," alisema Kukhu. "Mbichi."

Kogo hakuwahi kula mdudu maishani mwake. Kwake hiyo ilikuwa kazi ya kuku. Alimchukua mmoja kutoka kwenye blanketi, akaomba kwa Kikipsigis, akafumba macho, akamtia mdomoni.

"Mabawa tunatoa," Kukhu alisema, alipokwisha kumeza.

"Si ungesema!"

Ndugu zangu, ambao hawakuwepo, husimulia kwamba alikula kiganja kizima. Si kweli. Alimeza mmoja, na wa pili akamtema kwenye leso. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa.

Nikaokota vijiti, nikapiga hadi viganja vikavimba, na jua likielekea kushuka wakatoka kama waliomwagwa. Baba aliwala na ugali wiki nyingi, akiomba tu chumvi. Vidonge aliendelea kumeza. Mafuta ya kondoo aliyaacha, kwa sababu kila Jumapili, akitoka kanisani, Kogo alipitia jikoni kwetu kunusa sufuria.

"Sikumeza ile kitu bure," alimwambia.

Baba aliishi hadi akawashika wajukuu. Sasa binti yangu, anayesomea lishe, ananisomea kwenye simu kwamba wataalamu wanachunguza kama protini za wadudu zinaweza kuikinga mishipa ya damu. Bado hawana uhakika, anasema, lakini anataka niandike kwamba Kukhu alijua. Siwezi kuandika hivyo. Sijui kama ni kumbikumbi, vidonge au pua ya Kogo.

Nilipomaliza sekondari nilimuuliza Kukhu kama sheria ile ya kula mbichi ni ya zamani.

"Ya kutotaja jina ndiyo ya zamani," alisema. "Hiyo ingine niliitunga palepale. Wewe ulikuwa unalia, yeye anatetemeka. Kila mtu alitaka kitu ya kufanya."

Kogo tulimzika bila kumwambia. Mara kadhaa nilikaribia, nikaacha. Alijua kwamba siku ile alimwokoa baba, na katika yote ninayoyasahihisha kwenye kumbukumbu za nyumba hii, hilo nimeliacha lilivyo.