Herufi Moja Iliyoondoa Dirisha Jeusi

Siku yangu ya kwanza kazini, meneja wa tawi la Busia alinionyesha kompyuta yangu akasema, "Mwalimu, hapa tunavusha mizigo ya watu. Hii ikilala, lori linalala." Nilikuwa nimeacha kufundisha hesabu Khunyangu, na kampuni ilikuwa ya uwakala wa forodha, yaani kuandaa hati za mizigo inayokwenda Uganda.

Makarani walijaza hati kwa mkono na kukosea kila siku. Nikajifunza lugha ya kompyuta iitwayo Python, na kwa miezi minane nikaandika programu ya kuzijaza. Nilipohamishiwa Malaba nilikwenda nayo.

Ilikuwa na kasoro moja. Karani akiibofya, kwanza lilifunguka dirisha jeusi lenye maandishi meupe, ndipo fomu ikatokea. Dirisha hilo huitwa konsoli. Humo programu hutoa taarifa zake, hasa makosa. Makarani walidhani ni virusi. Wakilifunga, fomu nayo ilikufa na yote waliyoandika. Nikabandika karatasi ukutani: USIFUNGE DIRISHA JEUSI.

Kisha akaajiriwa Nekesa, mwanamke wa Burumba, tufanye kazi pamoja. Siku ya tatu, mbele ya mkuu wa kitengo, alibadilisha jina la faili. Liliishia na .py, akaongeza w, likawa .pyw. Herufi hiyo huiambia kompyuta iendeshe programu bila konsoli. Akabofya, fomu ikafunguka peke yake.

"Ni hiyo tu?" mkuu akauliza.

"Ni hiyo tu, boss."

Makarani walimpigia makofi. Miezi yangu minane haikuwahi kupigiwa hata kofi moja. Tangu siku hiyo nikawa naangalia nani anamsalimia kabla yangu, nani anamwita "dada yetu". Karatasi yangu ilibanduliwa, na sikuuliza ni nani aliyeibandua.

Lakini nilijua jambo asilolijua. Konsoli ikiondoka, makosa hayana pa kutokea. Programu hufa kimya. Lazima uiandikie faili ya kumbukumbu, ambamo kila kosa litajiandika. Ningemwambia kwa sentensi moja. Nikanyamaza, nikasubiri.

Haikuchukua wiki mbili. Asubuhi moja makarani walibofya, hakuna kilichofunguka. Nekesa aliwasha na kuzima, akasakinisha upya. Wapi. Nje kulikuwa na lori la vifaranga wa siku moja, na jua limeshapanda.

"Mzee, wewe unaonaje?" akaniuliza.

"Mimi sijui hayo mambo yako ya w."

Mkuu akamwambia, "Si ulisema ni hiyo tu?" Nakiri kwamba nilisikia utamu moyoni.

Saa sita dereva aliingia na boksi, akaliweka mezani kwangu. "Boss, wameanza kufa." Nikatazama ndani. Nikainuka, nikafungua konsoli na kuiendesha programu kutoka humo. Kosa likajitokeza wazi: faili ya orodha ya bidhaa ilikuwa imehamishwa. Nikairudisha. Dakika tano tu, na hati zikatoka.

"Ndiyo maana tunaweka wazee," mkuu akasema.

Nekesa alinifuata nje. "Mzee, ulijua toka lini?"

"Toka siku ile ya makofi."

"Basi nionyeshe vile makosa yanaandikwa kwa faili."

Tukaiandika pamoja jioni hiyo. Hakumwambia mtu. Mimi nami sikumsahihisha mkuu. Niliziacha zile sifa zikae nami. Miaka ilipopita Nekesa akawa mkuu wa kitengo, na ndiye aliyetia sahihi barua yangu ya kustaafu. Alinisindikiza mpaka getini, mkoba wangu ameubeba yeye.

Sasa niko nyumbani Khunyangu, na vijana huja niwafundishe programu. Juzi nilisikia Nekesa amepandishwa cheo tena. Kitu kilinichoma kabla sijafurahi, kama zamani. Sijapona, na sidhani nitapona. Nilimpigia simu hivyo hivyo, kikiwa bado kinachoma, nikamwambia hongera. Akauliza kama naweza kwenda Malaba kuwafunza makarani wapya. Nikasema nitakwenda, ila kwanza nitawaambia habari ya vifaranga, na nitaisema mwenyewe.